Barua ya wazi kwa mchapishaji wangu: naomba hesabu ya kitabu

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya uchapishaji wa vitabu vya taaluma,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: TAARIFA ZA MAUZO, MIRABAHA NA HATIMA YA VITABU VYETU VYA CHUO KIKUU

Husika tafadhali na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza pokea salamu na heshima zangu, wewe na wafanyakazi wako, hasa wale wa chumba cha uhariri ambao siku zote wamenikaribisha vizuri hata walipokuwa hawana jibu la kunipa. Nakuandikia hadharani kwa sababu njia za faragha nimezimaliza. Nimefika ofisini. Nimeleta barua zikagongwa muhuri wa kupokelewa. Nimetuma baruapepe. Nimempigia simu mhasibu, akaniambia nimpigie mwisho wa mwezi, na kila mwisho wa mwezi ukawa na mwisho wa mwezi mwingine nyuma yake. Jina la kampuni nimeliacha nje ya barua hii. Wewe unajijua, na mchapishaji mwingine atakayejiona humu asidhani amesingiziwa.

Mimi ni mhadhiri wa isimu katika chuo kikuu cha umma. Kampuni yako imechapisha vitabu vyangu viwili: kimoja cha sintaksia (muundo wa sentensi) nilichokiandika peke yangu, na kimoja cha fonolojia (mfumo wa sauti) ya Kiswahili nilichokiandika pamoja na mwenzangu ambaye sasa ni marehemu. Vyote viwili vilianza kama notisi za darasani, vikaandikwa usiku na wakati wa likizo, vikasomwa na wataalamu wenzetu waliotukosoa bila huruma, kisha vikaja kwako vikiwa miswada iliyokamilika. Wanaovitumia ni wanafunzi wa shahada ya kwanza, wengi wao walimu watarajiwa watakaokwenda kufundisha Kiswahili sekondari. Ukiingia darasani kwangu utaona vitabu hivyo mezani. Ukiingia kwenye daftari la mirabaha la kampuni yako, yaani la fungu la mwandishi katika mauzo, kwa jinsi ninavyojibiwa, ni kama vitabu hivyo havijawahi kuuzwa.

Kabla sijaorodhesha malalamiko, niliondoe wazo moja mapema, kwamba nagombania utajiri. Tuchukue mfano. Kitabu kikiuzwa dukani kwa shilingi 20,000, na mwenye duka akapewa punguzo la asilimia 35, kampuni inabaki na shilingi 13,000. Mkataba wetu unatupa asilimia 10 ya kile kinachoingia kwenye kampuni, wala si ya bei ya dukani. Hiyo ni shilingi 1,300. Toa kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa, ya asilimia 15, zinabaki 1,105, nasi waandishi tuko wawili. Sijasikia mhadhiri aliyejenga nyumba Goba kwa shilingi 552 na senti hamsini.

Ninachodai ni hesabu. Ngapi zilipigwa chapa, ngapi ziliuzwa, ngapi ziligawiwa bure, ngapi ziko ghalani. Fedha itakayotokana na hesabu hiyo, iwe kubwa au ndogo, itajileta yenyewe.

Haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Taarifa ya mauzo haitolewi

Mkataba uliouandaa wewe, nami nikausaini bila kubadili nukta, unasema kampuni itampa mwandishi taarifa ya mauzo mara moja kwa mwaka, kabla ya tarehe 31 Machi. Machi zimekuja na kupita. Kwa kitabu cha sintaksia nimewahi kupata karatasi moja, yenye jina la kitabu, kiasi cha fedha, na saini. Haikusema nakala ngapi zimeuzwa, kwa bei gani, wala kwa kipindi gani. Ilisema kodi imekatwa, lakini cheti cha kodi ya zuio, ambacho mkataji kodi anapaswa kumpa aliyekatwa, sijakiona mpaka leo. Kwa hiyo mimi kama mlipa kodi siwezi kuthibitisha kwamba nililipa, na sina namna ya kujua kama fedha ile ilifika TRA.

Kwa kitabu cha fonolojia hakuna hata karatasi hiyo moja.

Watu wa nje ya taaluma huenda wakaona hili ni suala la mhasibu mzembe. Kwa mwandishi wa kitabu cha chuo, idadi ya nakala ina kazi nyingine zaidi ya fedha. Ndiyo inayomwambia kama kitabu kinafika Mbeya na Zanzibar au kinaishia Dar es Salaam. Ndiyo inayomwambia kama umefika wakati wa kuandaa toleo jipya au bado. Mimi nimekuwa nikirekebisha sura za kitabu changu kwa kubahatisha, kwa sababu sijui kama toleo la zamani limebaki ghalani nakala kumi au elfu moja.

2. Chapa za kimyakimya

Hili naomba ulisome taratibu, kwa sababu ndilo lililonifanya nianze kuandika barua hii.

Ninazo nakala mbili za kitabu cha fonolojia. Moja nilipewa na ofisi yako siku ya kukizindua. Nyingine niliinunua baadaye sana dukani, na risiti ninayo. Ukurasa wa hakimiliki wa zote mbili unasema ni chapa ya kwanza, na mwaka ni uleule. Lakini ya kwanza imepigwa chapa hapa Dar es Salaam, kwenye karatasi nyeupe nzito, na jalada lake halina mng'aro. Ya pili imeandikwa kuwa imepigwa chapa India, karatasi yake ni nyepesi yenye rangi ya maziwa, na jalada linang'aa. Hata msimbo wa bei nyuma ya kitabu umehama kutoka kona ya kushoto kwenda ya kulia. ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, ni ileile, yenye tarakimu 9987 kama vitabu vingi vya Tanzania.

Kitabu kimoja hakiwezi kupigwa chapa ya kwanza mara mbili katika nchi mbili. Ama zile za India ni chapa ya pili ambayo waandishi hawakuambiwa, ama kuna mtu ameiba kitabu chako na changu akakipeleka India, na kama ni hivyo nilitarajia wewe uwe wa kwanza kupiga kelele. Nilipouliza, niliambiwa kwamba "hayo ni mambo ya uzalishaji." Ndugu Mkurugenzi, kupeleka kazi India si kosa; wachapishaji wengi wa ukanda huu hufanya hivyo kwa sababu bei ni nafuu na ubora ni mzuri. Kosa ni kuiacha chapa ya pili ivae tarehe ya kwanza. Mchapishaji makini huongeza mstari mmoja tu kwenye ukurasa wa hakimiliki: kimechapishwa tena, na mwaka. Mstari huo haugharimu kitu, labda kwa mtu ambaye hataki mwandishi ahesabu.

3. Mjane wa mwenzangu

Ameniruhusu kulisema hili, na ameisoma aya hii kabla haijatoka.

Mwenzangu alipofariki, familia ilifungua mirathi Mahakama ya Mwanzo na mke wake akateuliwa kuwa msimamizi. Alikuja ofisini kwako akiwa na barua ya usimamizi, cheti cha kifo na nakala ya mkataba. Aliambiwa arudi na barua ya benki. Akarudi nayo. Akaambiwa mhusika yuko likizo. Alipompata mhusika, akaambiwa kwamba marehemu "hakuwa na kitu" kwa kampuni, kwa sababu kitabu hakijauzwa. Wakati huohuo mtoto wao mwenyewe, aliyekuwa mwaka wa kwanza chuoni, alikuwa amekinunua dukani.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haimwachi marehemu mikono mitupu. Haki za kiuchumi za mwandishi zinadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kitabu kikiandikwa na wawili, miaka hiyo huanza kuhesabiwa baada ya kifo cha wa mwisho wao. Maana yake ni kwamba fungu la mwenzangu katika kitabu kile lina umri mrefu kuliko mimi, na huenda kuliko kampuni yako. Kumwambia mjane kwamba hana kitu bila kumwonyesha ukurasa mmoja wa hesabu ni jambo ambalo sidhani ungependa wajane wako watendewe.

Kuna jingine aliloniuliza nikakosa la kumjibu. Kitabu ni cha Kiswahili, kuhusu Kiswahili, kimeandikwa na Watanzania wawili, kimechapishwa na kampuni ya Kitanzania, kwa wanafunzi wa Tanzania. Mkataba wake umeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria wa London. Kwa nini? Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, kwa hiyo hata hoja kwamba hakimu hataelewa imekwisha.

4. Alama zilizogeuka visanduku

Kwenye prufu ya mwisho ya kitabu cha fonolojia, yaani nakala ya kusahihishia kabla ya kupiga chapa, tuliona alama za kifonetiki zimepotea katika kurasa kadhaa na mahali pake pamekaa visanduku vitupu. Tuliziandika zote kwa wino mwekundu, tukarudisha prufu, tukapewa ahadi. Kitabu kikatoka na visanduku vyake. Sura ya tatu inamfundisha mwanafunzi kwamba sauti moja tu ndiyo inayotofautisha thamani na samani, kisha inamwonyesha kisanduku. Anayetafuta tofauti ya ng'oa na ngoa anakutana na visanduku viwili. Wenzangu hunitania kwamba tumegundua fonimu mpya ya Kiswahili yenye pembe nne.

Tunacheka, lakini ni majina yetu yaliyo jaladani. Na nilipofungua ile nakala ya India, jambo la kwanza nililotazama ni sura ya tatu. Visanduku vipo vilevile. Yaani ilipatikana fedha ya kupiga chapa upya, ikakosekana nafasi ya kuweka fonti sahihi kwenye faili.

5. Kitabu kilichokwisha ambacho hakiachiliwi

Kile cha sintaksia hakipo tena madukani. Ofisi yako imenithibitishia kwa mdomo kwamba kimekwisha, na kwamba hakitarudiwa mpaka "mahitaji yafikie kiwango." Kiwango hicho hakijatajwa. Mkataba unasema kitabu kikiisha, mwandishi akitoa notisi ya maandishi na kampuni isikitoe tena ndani ya miezi 12, haki zote zinarudi kwa mwandishi. Notisi niliitoa, ikagongwa muhuri. Miezi imepita. Nilipoomba barua ya kuthibitisha kwamba haki zimerudi, niliambiwa kampuni bado "ina mpango na kitabu."

Zamani ningeelewa. Kuweka plati mashine ni gharama, na hakuna mfanyabiashara anayepiga nakala elfu moja ili auze mia. Lakini siku hizi kuna uchapaji kwa oda, ambapo nakala inatolewa mnunuzi akishailipia. African Books Collective, inayomilikiwa na wachapishaji wa Afrika wenyewe na kuuza vitabu vyao kutoka Oxford, imekuwa ikifanya hivyo kwa muda mrefu, hata kwa vitabu vinavyouza nakala chache kwa mwaka. Kama kampuni haitaki kufanya hivyo, iniachie. Nitakipa mchapishaji mwingine, au nitakiweka mtandaoni kwa leseni huria wanafunzi wakisome bure. Kukikalia kitabu ambacho hukiuzi hakumsaidii mtu yeyote, hata wewe.

6. "Mchango wa mwandishi"

Mwaka huu nilikuletea mswada wa toleo la pili la fonolojia, lenye sura mpya na alama zote mahali pake. Jibu lilikuja haraka kuliko majibu yote niliyowahi kupata: kampuni iko tayari kuchapisha iwapo mwandishi atachangia gharama za kupiga chapa nakala 500, na mirabaha itabaki asilimia 10 kama zamani.

Sipingi mwandishi kuchangia. Majarida mengi ya kimataifa yanayosomwa bure mtandaoni hutoza ada ya uchapishaji, lakini ada hiyo huwa imetangazwa, na anayelipa anajua anapata nini: makala yake inakuwa wazi kwa dunia nzima, na mara nyingi hakimiliki inabaki kwake. Hapa naombwa nilipe mashine, karatasi na gundi, kisha nikabidhi haki zangu zote, kisha nisubiri asilimia 10 ya mauzo ambayo sitaonyeshwa. Nikilipia uchapaji mimi, mwekezaji ni mimi. Basi tugawane kama wawekezaji, au nikuajiri kama mpiga chapa na nakala zote ziwe zangu.

Ndugu Mkurugenzi, najua yatakayosemwa, kwa sababu nimekwisha kuyasikia.

Utasema fotokopi zimeua soko. Ni kweli zinaumiza. Nje ya geti la chuo chochote nchini kuna vibanda vya stesheneri vinavyotoa kitabu kizima kwa bei ya chini kuliko nauli ya kukifuata dukani mjini, na siku hizi hata kibanda hakihitajiki, PDF inazunguka kwenye kundi la WhatsApp la darasa kabla mhadhara wa kwanza haujaisha. Niko tayari kusimama nawe hadharani kulipinga hilo. Wenzetu Kenya wana KOPIKEN, chombo cha kukusanya malipo ya vitabu vinavyonakiliwa kwa niaba ya waandishi na wachapishaji. Vyuo vyetu navyo vinaweza kubanwa vikalipa. Ila anayetoa fotokopi hajaiba daftari lako la mauzo. Nakala zilizouzwa kihalali, hata zikiwa 40, zinaweza kuandikwa kwenye karatasi. Na ukweli mwingine usemwe: wanafunzi wangu wengi wanatoa fotokopi ya kile cha sintaksia kwa sababu hakuna mahali pa kukinunua.

Utasema Serikali ilikunyang'anya soko la shule. Hapo nina huruma nawe kwa dhati. Wachapishaji binafsi walifunguliwa mlango wa vitabu vya shule miaka ya 1990, wakawekeza, wakaajiri wahariri, kisha Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ikarudisha utaratibu wa kitabu kimoja cha kiada kwa kila somo, na kazi ya kukiandaa ni ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Kampuni zilizokuwa zikiishi kwa vitabu vya kiada zilibaki na vya ziada. Lakini kitabu cha chuo kikuu hakikuwamo kwenye soko hilo hata siku moja, na hasara ya lile haiwezi kulipwa kwa kunyamaza kuhusu hili. Kama ni kweli mapato ya vitabu vyetu vya chuo yamekuwa yakifidia pengo la vitabu vya shule, basi sisi wahadhiri ni wakopeshaji wako, nasi hatukuulizwa.

Utasema taasisi zilizonunua hazijalipa. Sawa. Andika hivyo: nakala kadhaa zimechukuliwa na maktaba fulani, deni halijalipwa. Hiyo nayo ni taarifa, na mwandishi mwenye jina chuoni anaweza hata kukusaidia kudai.

Utasema soko la vitabu vya taaluma kwa Kiswahili ni dogo. Nani alisema ni kubwa? Mwaka 1972 Tanzania Publishing House, kampuni ya hapahapa iliyoanzishwa 1966, ilishirikiana na Bogle-L'Ouverture ya London kutoa kitabu cha mwanahistoria Walter Rodney kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, wakati Rodney akifundisha Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Soko la Dar es Salaam peke yake halikuwa kubwa wakati huo. Walitafuta mwenza nje, na kitabu kikasomwa dunia nzima. Leo Kiswahili kinafundishwa katika vyuo vya Marekani, Ujerumani na China, na tangu Februari 2022 ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika. Niliwahi kupokea ujumbe kutoka kwa mwalimu wa Kiswahili Ujerumani akiuliza atapata wapi kitabu cha fonolojia. Niliupeleka ofisini kwako. Mpaka sasa yule mwalimu anadhani mimi ndiye niliyekosa adabu ya kumjibu.

Mwisho kuna ile kauli niliyoambiwa kwa tabasamu, nami naamini haikukusudiwa kuudhi: "Daktari, wewe kitabu kimeshakupandisha cheo, unataka nini tena?"

Kauli hii ndiyo mzizi wa yote, kwa hiyo nitaijibu. Ni kweli kitabu huhesabiwa katika kupanda cheo. Chuo hukipeleka kwa watathmini wa nje, wakakisoma, wakatoa maoni, na mwandishi akipanda, mshahara wa cheo hicho unalipwa na chuo kwa kazi anayoifanya chuoni. Kampuni yako haichangii hata senti. Aliyekuuzia karatasi naye alipata sifa ya kuhudumia kampuni kubwa, lakini hukumlipa kwa sifa. Dereva aliyebeba maboksi kutoka bandarini hakuambiwa kwamba ameshaona bahari. Katika mnyororo mzima wa kitabu, mtu pekee anayetarajiwa kushiba heshima ni yule aliyekiandika.

Na hata hicho cheo, wakubwa wa vyuo wanisamehe, kinapatikana kwa njia fupi zaidi. Makala ya kurasa 12 huandikwa kwa miezi michache, kitabu cha kufundishia kinakula miaka, na uzito vinavyopewa haulingani na jasho hilo. Ndiyo maana wahadhiri vijana hawaandiki vitabu. Wengine wamekimbilia majarida yanayopokea makala Jumatatu na kuikubali Ijumaa, mradi ada imelipwa. Hilo nitaliandikia barua nyingine, kwa mkubwa mwingine. Nalitaja ili ujue kwamba mhadhiri anayekuletea mswada wa kitabu cha kiada kwa Kiswahili amekuletea kitu ambacho mfumo wote unamshawishi asikiandike.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, ndani ya siku 30 kuanzia leo:

(a) Taarifa ya maandishi kwa kila kitabu, tangu siku kilipotoka: nakala zilizopigwa chapa katika kila awamu na mahali zilipopigwa, zilizouzwa, zilizogawiwa, zilizoharibika, zilizobaki, na madeni ambayo hayajakusanywa. Mkataba unaniruhusu kuleta mkaguzi. Ningependa kutofika huko.

(b) Maelezo kuhusu nakala zilizopigwa chapa India. Kama ni zako, zihesabiwe. Kama si zako, twende pamoja polisi na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA).

(c) Malipo ya mirabaha yoyote inayodaiwa pamoja na vyeti vya kodi ya zuio, na fungu la marehemu lilipwe kwa msimamizi wa mirathi bila kumwomba karatasi nyingine yoyote, maana zote mnazo.

(d) Barua ya kurudisha haki za kitabu cha sintaksia pamoja na faili zake za kuchapia.

(e) Toleo la pili la fonolojia lisimame mpaka tukae tuandike mkataba mpya, kwa Kiswahili, utakaosema nani analipa nini na nani anapata nini. Kama hatutaafikiana, nitauchukua mswada wangu na tutabaki kusalimiana.

Siku hizo zikipita bila jibu, nitapeleka shauri hili Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, na baada ya hapo mahakamani. Pia nitawaomba wahadhiri wenzangu wenye mikataba na kampuni yako watoe kila mmoja taarifa yake ya mwisho ya mauzo, tuziweke mezani tuzitazame. Nina hisia kwamba meza haitajaa.

Siku ya kwanza ya kazi baada ya siku 30 kuisha nitakuwa ofisini kwako saa 3 asubuhi, pamoja na mjane wa mwenzangu. Tunaomba siku hiyo mhasibu asiwe likizo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhadhiri na mwandishi wa vitabu vya isimu,
Dar es Salaam.

Nakala kwa:
Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA)
Chama cha Wachapishaji Tanzania (PATA)
Umoja wa Waandishi wa Vitabu Tanzania (UWAVITA)
Msimamizi wa mirathi ya marehemu